Agizo kwa Jina la Swafiya

Swafiya binti Famau hakuwahi kumwomba mtu radhi kwa kuugua, na hakuona kwa nini aanze sasa, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, tena ndani ya nyumba aliyoilipia kodi kama wenzake. Figo zake ziligoma. Hakuzituma zigome. Mara tatu kwa wiki gari la hospitali lilimchukua kwenye kona ya mtaa wao wa Al Nahda likampeleka kliniki ya Oud Metha, akakaa kwenye kiti kirefu kando ya mashine, damu ikatolewa, ikasafishwa, ikarudishwa mwilini. Jioni alirudi hoi, akalala, na kesho yake akaenda kushona mabuibui dukani Deira kama kawaida. Aliishi hivyo muda mrefu na wenzake wakamzoea.

Kisha ikaja korona, na mazoea yakaisha.

Mji ule wa Waarabu ulifungwa. Kutoka nje, hata kwenda kununua kitunguu, kulitaka kibali cha kwenye simu, na kibali kilitaka ueleze unakaa wapi na nani. Hapo ndipo penye mwiba. Nyumba ile ilikuwa na wanawake sita na mkataba mmoja, na mkataba ulikuwa wa Huda, mtu wa Mombasa, ambaye alipanga nyumba nzima kisha akawapangisha wenzake vitanda. Jengo lilikuwa la familia. Vitanda vya kupangisha vilikuwa marufuku, kwa hiyo Huda alimwambia Junaid, natoor wa jengo, yule mlinzi wa mlangoni aliyejua kila anayeingia na kutoka, kwamba hao wote ni dada zake na binamu zake. Swafiya wa Lamu dada, Dorcus wa Masaka dada, Proscovia wa Jinja dada. Junaid alikuwa mtu wa Peshawar, na ama aliamini kwamba Waafrika wote huzaliwa tumbo moja, ama hakutaka maneno. Huda akaweka sharti moja tu: chochote kinachopanda ghorofani kije kwa jina lake. Jina jingine lisisikike kule chini.

Sharti hilo halikumsumbua Swafiya hadi pale walipomtoa chumbani.

Walifanya kikao sebuleni. Dorcus, aliyekuwa akifanya usafi hotelini kabla hoteli haijafungwa, ndiye aliyesema kwa sauti yale ambayo wengine waliyatafuna kimoyomoyo.

"Anti Swafiya anaenda hospitali kila mara," alisema. "Na korona iko wapi? Iko hospitali. Mimi nina watoto nyumbani, banange, jamani. Siwezi kulala naye chumba kimoja."

"Na Proscovia anatoka kila siku kulinda ghala," Swafiya alimjibu. "Hupanda basi na watu arubaini. Mbona yeye halali nje?"

Jibu lilikuwa wazi na lilikuwa la aibu. Proscovia alikuwa mzima. Mtu mzima akitoka, ameenda kazini. Mgonjwa akitoka, ameenda kuleta balaa.

Huda alikata shauri. Godoro la Swafiya likatolewa chumbani likapelekwa roshani, nyuma ya mlango wa kioo, likazungushiwa pazia. "Kwa muda tu, dada Swafiya," alisema, akimpangia mto vizuri kana kwamba anamtandikia bibi harusi. Swafiya aliutazama ule mto. Roho ilimuuma, na kilichomuuma zaidi ni kwamba Huda alikuwa mtu wa pwani, mtu aliyekula naye sahani moja tangu afike mji huu. Ukali wa Dorcus angeweza kuumeza. Upole wa Huda ulimkwama kooni.

Hata hivyo, roshani isingemwua. Chakula ndicho kilichotaka kumwua.

Maduka yalielemewa. Ukiagiza leo, unaambiwa subiri wiki ya kesho, na mzigo ukija umekatwa nusu na nusu iliyobaki imebadilishwa. Huda aliagizia nyumba nzima, akapokea kilichopatikana: tambi za pakiti zenye chumvi ya kutosha kukaushia papa, samaki wa kopo, nyanya za kopo, viazi, ndizi mbivu. Kwa wenzake hicho kilikuwa chakula. Kwa mtu asiye na figo, karibu kila kitu pale kilikuwa sumu. Chumvi humjaza maji. Ndizi, viazi na nyanya humpandishia madini fulani kwenye damu, na yakizidi moyo husimama; daktari alimweleza hivyo bila kupepesa macho. Swafiya, mtoto wa Lamu, alikuwa ameiacha hata nazi, na mtu wa Lamu akikwambia ameacha nazi, ujue hakuna mzaha hapo.

Basi alikula wali mkavu. Siku wali ulipokwisha alikula tambi, akamwaga supu yake, na bado miguu ikavimba mpaka vidole vikakosa nafasi. Pale Oud Metha, muuguzi Serah, Mkenya mwenzake, alimpima uzito, akatazama kipimo, akamtazama yeye.

"Mama, unakula nini?"

"Ninacholetewa."

Serah hakumgombeza. Alivuta kiti, akamweleza kwamba ipo supamaketi inayowatangulizia wazee na wenye maradhi ya kudumu. Unatuma barua ya kliniki kwa simu, ukikubaliwa unapewa nafasi ya asubuhi kabla ya watu wengine, na unachagua mwenyewe unachotaka. Sharti lao ni kwamba agizo liwe kwa jina la mgonjwa, na mgonjwa apokee kwa mkono wake mlangoni, maana watu wazima wenye nguvu zao walikuwa wameshaanza kujifanya wagonjwa ili wapate maziwa mapema.

Swafiya alituma barua palepale kwenye kiti, kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa kwenye mashine. Kabla hawajamchomoa sindano alikuwa amekubaliwa.

Alipomweleza Huda jikoni, Huda aliweka chini kijiko.

"Kwa jina lako?"

"Kwa jina langu. Mimi ndiye mgonjwa."

"Dada Swafiya, futa. Junaid akisikia jina jingine ataanza kuuliza. Akiuliza moja atauliza mawili. Mwenye jengo akijua, sote sita tuko nje, na nje hakuna mahali pa kwenda. Mimi nitakuagizia."

"Umeniagizia mwezi mzima. Nimevimba."

"Ninaleta ninachopata. Sasa nifanyeje? Mgonjwa haulizwi uji."

"Uji hauulizwi kwa sababu uji hauui," Swafiya alisema. "Wewe waniletea samaki wa kopo."

Lazima isemwe, Huda hakuwa mtu mbaya. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Mkataba ulikuwa na sahihi yake, na yeye ndiye ambaye angeitwa kwanza. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na Swafiya alikuwa ameshachoka kubebeshwa hofu za watu wenye figo mbili.

Aliagiza. Alikaa kwenye godoro lake la roshani, jua la asubuhi likimpiga mgongoni, akapitia bidhaa moja baada ya nyingine bila haraka. Mchele. Kabichi. Kuku mzima. Mayai. Matufaha mekundu. Kitunguu maji, kitunguu saumu, ndimu, pilipili mbichi. Aliongeza bizari, akaitoa, akairudisha, kwa raha tu ya kuwa yeye ndiye mwenye kuirudisha. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amuulize anataka nini. Simu ilimuuliza, naye akaijibu kwa ukamilifu.

Mzigo ulikuja asubuhi, wenzake wakiwa sebuleni na chai. Simu ya Swafiya ililia. Aliyempigia alijitambulisha kuwa Lukman, mpeleka mizigo, na kwa lafudhi yake alikuwa Mganda.

"Mama, niko hapa chini na mzigo wako. Lakini huyu natoor anasema hakuna Swafiya kwenye nyumba hii. Anasema kuna Huda na ndugu zake tu."

"Mwambie apande nawe, aone mwenyewe," alisema Swafiya.

Alikata simu, akavaa buibui, akafunga mtandio, akaweka barakoa. Alipofungua mlango wa kioo aliisikia kengele ya nje, na akamwona Huda tayari amefika mlangoni na kuufungua kiasi cha kupitisha pua.

Pale nje walisimama wawili: Lukman na mifuko yake, na Junaid amekunja mikono. Lukman alisoma kwenye simu yake kwamba ana mzigo wa kipaumbele wa Swafiya Famau, mgonjwa, akabidhiwe mwenyewe.

"Hakuna Swafiya hapa," Huda alisema. "Labda nyumba nyingine. Sisi hapa hatuna mgonjwa."

Swafiya aliyasikia maneno yale akiwa katikati ya sebule. Alikuwa amejitayarisha kwa lawama, hata kwa matusi. Kukanwa hakukuwa katika hesabu yake. Mtu aliyemtandikia mto alikuwa amemfuta duniani kwa sentensi moja, na mzigo ule, pamoja na kuku wake na matufaha yake, ulikuwa unageuka kurudi kwenye lifti.

Aliushika mlango juu ya mkono wa Huda, akaufungua wote.

"Swafiya ni mimi," alisema. "Na mgonjwa ni mimi. Leta."

Lukman alisimama. Junaid alimtazama yule mwanamke juu mpaka chini, kisha akazungumza kwa Kiingereza chake cha kazini, chenye Kiarabu ndani yake, ambacho wote pale walikielewa.

"Wewe ndiye unayelala nje? Godoro nimeliona kutoka chini, kwenye magari. Nilidhani ni mfanyakazi wao wa ndani."

"Si mfanyakazi," Swafiya alisema. "Muulize Huda mimi ni nani wake."

Huda alikuwa ameshika pindo za mtandio wake kwa mikono miwili. Angesema simjui, natoor angeuliza mgeni huyu anafanya nini ndani. Angesema ni mpangaji, khalas, nyumba imekwisha. Lililobaki lilikuwa lile alilolisema mwenyewe tangu mwanzo, nalo lilikuwa limemgeukia.

"Ni dada yangu," alisema kwa sauti ndogo.

Junaid alikunja uso. Hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyepewa hesabu isiyotoka.

"Dada yako," alirudia. "Dada yako mgonjwa, na unamlaza nje?"

Milango miwili ya jirani ilikuwa imeshafunguliwa kidogo. Huda alijaribu kulivuta buibui la Swafiya arudi ndani, lakini Swafiya alikuwa ameshavuka kizingiti. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye hakuwa na nia ya kuumbuliwa. Alipandisha mkono wa buibui mpaka juu ya kiwiko, akaonyesha mshipa ulionenepa wa kuunganishiwa mashine na makovu ya sindano yaliyopangana.

"Hii ni figo," alisema, kwa sauti ya kutosha kufika milango yote miwili na wa tatu kama upo. "Haiambukizi. Naenda hospitali kusafishwa damu, naoga, narudi. Anayetaka kuniuliza aniulize mimi, si watu wengine. Na anayeleta mzigo wangu, auite kwa jina langu."

Lukman alisogeza mifuko mpaka miguuni pake, akarudi nyuma hatua kama walivyofundishwa, akaomba kuona kitambulisho. Aliona. Akasema, "Pole, mama. Wiki ijayo nikija nitauliza Swafiya hukuhuku," kisha akaenda zake. Junaid alibaki kidogo. Alitazama viatu vya kike vilivyojaa mlangoni, vikubwa na vidogo, akaonekana kuanza kuvihesabu na kuacha.

"Godoro litoke nje leo," alimwambia Huda. "Manispaa ikiona vitu roshani inapiga faini. Na mgonjwa alale ndani. Yalla."

Mlango ulipofungwa, sebule yote ililipuka kwa kunong'ona, maana hata hasira iliogopa majirani.

"Umetuanika," Huda alisema, machozi yakimlenga. "Umetuanika sote kwa ajili ya kabichi."

"Kwa ajili ya roho yangu. Kabichi ni njia tu."

"Angetupeleka kwa mwenye jengo."

"Bado anaweza. Lakini akienda, atakwenda kusema kuna watu sita. Hatakwenda kusema kuna watano na mtumishi wao roshani." Swafiya alishusha pumzi. "Huda, umesema huna mgonjwa. Nimekusikia kwa masikio yangu. Siku nitakayokufa, hilo ndilo watakalolikuta limeandikwa kwenu? Kwamba hapa hapakuwa na mtu?"

Huda alikaa kitini akafunika uso kwa mtandio. Swafiya alimhurumia, na huruma ile hakuificha wala hakuibadilisha kuwa msamaha. Alibeba mifuko yake mfuko mmoja mmoja mpaka jikoni, akaiacha rafu ya chini kabisa aliyokuwa amepangiwa, akaondoa makopo kwenye rafu ya kati, akaichukua.

Proscovia, aliyekuwa amesimama na sare yake ya ulinzi tayari kwenda kazini, alichungulia mifuko. "Anti," alisema, "hii huduma, mtu anaweza kuongeza vitu? Hata sabuni tu?"

Na hapo ndipo hewa ya nyumba ilipogeuka. Waliokuwa wakimtazama kama moto uliowaka ndani ya nyumba walianza kukumbuka kwamba moto hupikia pia. Nafasi ya kila wiki, mzigo kamili, kabla ya watu wote. Mmoja alitaja unga. Mwingine maziwa. Hata Huda alifunua uso.

"Nitawaagizia," Swafiya alisema. "Sina choyo. Changu kwanza, kisha chenu. Jina ni langu, na mlango naufungua mimi. Na godoro langu linarudi chumbani, mahali pake, sasa hivi."

"Hapana," alisema Dorcus.

Alikuwa ametoka zamani sebuleni, sasa amesimama kwenye mlango wa chumba, amepanua mikono kushika pande zote mbili. "Agiza, usiagize, mimi sijali. Hapa hulali. Nyabo, sikuchukii. Naogopa kufa."

"Hata mimi naogopa kufa," Swafiya alisema. "Nimekuwa nikiogopa peke yangu, nje, na paka wa jirani. Sasa nataka kuogopa ndani kama wenzangu."

Alikwenda roshani, akang'oa pazia, akakunja shuka, akaliburuta godoro kwa ncha moja. Lilikuwa zito kwa mtu wa hali yake. Lilikwama kwenye reli ya mlango wa kioo, akalivuta, likakwama tena kwenye zulia. Hakumwita mtu. Alilifikisha hadi miguuni pa Dorcus, akasimama akihema, godoro kati yao.

"Sema unachotaka niagize," alimwambia. "Wenzako wote wamesema. Bado wewe."

"Sitaki kitu."

"Kila mtu anataka kitu. Sema, nimechoka kusimama."

Dorcus alitazama sebuleni, akawatazama wenzake, kisha akavitazama vigae vya sakafu. Mikono yake ilikuwa bado imeshika mlango lakini haikuwa na nguvu tena.

"Hao watu wa mzigo," alisema taratibu, "wanaleta dawa?"

"Dawa gani?"

"Ya presha." Alisema kwa sauti ya chini mno hata Proscovia akasogea. "Zangu zimeisha. Nilikuwa nachukua kwa nesi wa hotelini. Hotelini kumefungwa."

"Una presha tangu lini?"

"Tangu kabla sijakujua wewe."

Ghadhabu ilimpanda Swafiya mpaka utosini: huyu ndiye aliyeinua kidole kikaoni, huyu, mgonjwa kama yeye, aliyemsukuma nje ili watu wasigeuke kumtazama yeye. Angeweza kulisema hilo mbele ya wote, na angekuwa na haki. Aliutazama uso wa Dorcus na akaona kwamba Dorcus alikuwa akilingoja, amefumba macho nusu kama mtu anayengoja kofi.

"Kwa jina langu siagizi," Swafiya alisema hatimaye.

Dorcus alitikisa kichwa, kana kwamba alijua.

"Nitakupa simu ya Serah pale kliniki, atakwambia barua inapatikana vipi. Utaandikishwa kwa jina lako, lote, la baba yako pia. Lukman akija atamuuliza Dorcus, na Dorcus ataufungua mlango mwenyewe, jirani wakimsikia. Mimi nitasimama nyuma yako, lakini sitakusemea." Aliinama, akashika ncha moja ya godoro. "Sasa ondoka mlangoni, shika upande huo. Mgongo unaniuma."

Dorcus aliachia mlango, akainama, akashika.